Mlima Uliochemsha Gari la Baba Mkwe

Mume wangu alipostaafu, wenzake kazini walimpa mbuzi na redio. Yeye mwenyewe akajizawadia gari la marehemu baba yake. Halikuja likitembea. Lilikuja juu ya lori kutoka Muleba, limefungwa kamba kama ng'ombe wa mahari, likashushwa mbele ya jiko langu hapa Buhembe, Bukoba mjini, mahali nilipokuwa naanika maharage. Alinihakikishia kwamba litakaa pale kwa muda tu. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote na najua maana ya muda. Mito nayo huchimba mabonde kwa muda tu.

Lilikuwa gari la Kifaransa la miaka ya sabini, refu, lenye mgongo unaoteremka nyuma kama mtu aliyekalia kigoda kilichovunjika mguu. Zamani lilikuwa na rangi ya maziwa. Tangu baba mkwe afariki lilikuwa limekaa bandani, katikati ya migomba ya kibanja chake, na sasa lilikuwa na rangi ya chai ya jana. Kuku walikuwa wametagia kiti cha nyuma vizazi kwa vizazi. Mmoja wao alisafiri nalo mpaka mjini, akashuka kwenye lori kwa heshima zake zote na kuanza kudonoa maharage yangu. Mume wangu akasema hiyo ni baraka. Baraka hiyo tuliila Jumapili, na ndizi.

Niseme haki, injini iliwaka. Baada ya betri mpya, tairi mpya na maombi ya zamani, siku moja gari liliunguruma na kutoa moshi uliowatoa majirani wote nje. Mume wangu alisimama katikati ya moshi ule akiwa na uso wa mtu aliyefufua mfu. Tatizo ni kwamba mfu mwenyewe alifufuka na homa. Tukienda mbele kidogo tu, sindano ya geji ya joto inaanza kupanda, mvuke unatoka chini ya boneti, na sisi tunasimama kando ya barabara tukingoja mgonjwa apoe. Nikajifunza kupima umbali kwa maji. Kanisani ni dumu moja. Sokoni ni madumu mawili na saburi.

Kilichovunja kabisa heshima yetu ni safari ya kwenda Muleba kwa wakwe wa mtoto wa kaka yake, kujitambulisha. Nilipendekeza tukodi gari dogo la abiria kama watu wa kawaida. Mume wangu alisema baba zake wadogo hawawezi kwenda ukweni kama mizigo; watakwenda ndani ya gari la kaka yao. Basi wazee wakapanda, kanzu nyeupe, makoti, na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, cha kupeleka ukweni. Tulipita Kemondo vizuri. Tulipoanza kupanda mlima unaofuata, gari likachemka.

Mume wangu alikuwa na haraka, akafunga kitambaa mkononi na kufungua mfuniko wa rejeta kabla haijapoa. Maji yaliruka juu, mekundu kwa kutu, yakarudi chini na kutafuta kanzu iliyokuwa safi kuliko zote. Mwenye kanzu alikuwa amesimama mbali, kwa hiyo hakuungua. Kilichoungua ni jina la ukoo. Wazee walimalizia safari kwa bodaboda, kanzu zikipepea, mmoja amekumbatia kibuyu kama mtoto mgonjwa. Ukweni walitupokea kwa adabu kubwa. Mama wa bibi harusi aliuliza tu, kwa upole, kama kwetu tunafyatua matofali.

Tuliporudi nyumbani mume wangu alikula chakula chote. Kisha akaweka kikombe chini na kutangaza kwamba mfumo mzima wa kupoza injini lazima ubadilishwe.

Nikadhani ni hasira zitakazopita. Lakini akaanza kutazama video kwenye simu, za mzungu mmoja mwenye kipara anayetengeneza magari ya kale katika nchi ambayo, ukitazama sweta alilovaa, haina haja ya kupoza chochote. Kila jioni nilipewa somo. Rejeta ya zamani ni nyembamba, nayo imejaa tope la kila kijito ilikowahi kuchotewa maji. Feni ya zamani inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo gari likipanda mlima polepole na feni nayo inakuwa mvivu, wakati ule ule inapohitajika. Dawa yake ni rejeta pana ya aluminiamu, feni mbili za umeme, pampu mpya ya maji, mipira mipya, na kulanti badala ya maji ya kijitoni. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi huku nikisikiliza. Nadhani kuna mtoto wa kidato cha pili niliyempa alama za mtiririko wa maji kwenye pampu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asiuze chuma hiki na kununua gari ambalo halina historia. Akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kuniambia miaka yote ya ndoa yetu. Alipokuwa kijana wa chuo, wakati wa likizo alikuwa akipanda gari hilo na baba yake kurudi Muleba kutoka mjini, na kila safari lilichemka kwenye mlima ule ule. Baba yake alibaki na gari. Yeye, na suruali yake ya chuo iliyopigwa pasi ikasimama, alipewa dumu ashuke bondeni kwenye chemchemi, akarudi amelowa jasho na tope. Na kila aliporudi alimkuta mzee ametulia, kofia kichwani, hajakasirika hata kidogo.

"Mtu anayeheshimika Muleba nzima," aliniambia, "anaaibishwa na rejeta kando ya barabara. Na hakuwahi kulalamika hata siku moja."

Nilifunga daftari nililokuwa nasahihisha. Nikamruhusu abadilishe rejeta, kana kwamba ruhusa yangu ndiyo iliyokuwa ikingojwa.

Fundi alikuwa wa mtaa wa Rwamishenye, mtu wa sauti kubwa asiyewahi kuonana na shaka maishani mwake. Alitazama gari, akazunguka, akapiga boneti kofi, na kusema kazi ni ndogo. Tatizo lilikuwa kwamba rejeta mpya, iliyotolewa kwenye gari la mizigo la Kijapani, ilikuwa pana kuliko mdomo wa gari letu. Fundi akasema hilo si tatizo, akakata mdomo wa gari. Kisha yeye na mume wangu walibishana juu ya thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto lake. Fundi alishika imani kwamba thamostati ni ugonjwa wa nchi za baridi, na kwamba fundi yeyote mwenye akili huitoa na kuitupa. Mume wangu akasema bila hicho kidude injini haitapata joto sawasawa na itakunywa petroli kama mlevi. Walibishana hadi wauza vocha wa pale wakagawanyika pande mbili. Mwishowe thamostati ikabaki. Nasikia ilikuwa moja ya mara chache katika historia ya Rwamishenye.

Gari lilirudi nyumbani likiwa na meno mapya ya aluminiamu mbele na mlio kama wa mashine ya kusaga. Mume wangu akanialika safari ya majaribio mpaka Kemondo, niwe shahidi. Nikavaa mtandio mzuri. Nikaficha pia dumu la maji nyuma, chini ya kitenge, maana imani ni kitu kimoja na barabara ni kitu kingine.

Hatukuhitaji hata mlima. Tulipofika Kemondo, pale wanapouza samaki, sindano ilikuwa imeshapanda mpaka mwisho na mvuke ukawa unatoka kama zamani, tofauti ni kwamba sasa ulitoka mapema zaidi. Mume wangu alisimamisha gari, akaacha injini ikiunguruma na feni zikizunguka, akaanza kutafuta mkosaji. Kwanza ilikuwa petroli. Kisha upepo wa ziwa. Kisha akagundua dumu langu nyuma, akasema uzito nao unachangia.

Nilishuka kumkimbia. Nilipopita mbele ya gari, mtandio ukaruka mabegani mwangu, ukaenda kutua kwenye meza ya muuza samaki. Nilikwenda kuuchukua, nikaomba radhi, nikarudi kusimama mahali pale pale. Upepo ulikuwa unatoka ndani ya gari.

"Mzee," nilimwambia, "hizi feni zinanipulizia."

Akanieleza, kwa upole anaoutumia kwa watu wasiosoma sayansi, kwamba kazi ya feni ni kupuliza. Nikamwambia nimefundisha upepo tangu kabla hajaanza kupaka mvi dawa. Gari likienda, hewa inaingia kwa mbele. Feni zake zinasukuma hewa kutoka nyuma. Pepo hizo mbili zinakutana katikati ya rejeta, zinasalimiana, na hakuna inayompisha mwenzake. Akatazama pembeni. Kisha akaokota kipande cha gazeti kilichofungiwa samaki, akakisogeza mbele ya rejeta. Kikaruka.

"Nilikuwa nahisi hivyo," alisema.

Kesho yake fundi alibadilisha waya zilizofungwa kinyume, feni zikaanza kuvuta badala ya kusukuma, na gari likapanda na kushuka Bukoba nzima bila kupata homa. Jioni yake nilimsikia akimweleza jirani jinsi alivyoligundua kosa kwa jaribio la karatasi. Nilikuwa nawamiminia chai. Jirani alisema wanaume kama hao wamebaki wachache, nami nikakubaliana naye, nikaongeza sukari.

Wakati huo mama mkwe alikuwa kwetu kwa matibabu ya macho. Alipomaliza dawa akataka kurudi kibanjani kwake Muleba, akihofia ndizi zake zinaiva bila yeye. Mume wangu alifurahi kuliko mgonjwa. Mama atakuwa abiria wa kwanza wa safari ndefu. Tukamketisha nyuma, pale walipokuwa wakitaga kuku, pamoja na mto, rozari na mkungu mmoja aliokataa kuuacha ingawa tulikuwa tunampeleka kwenye mamia ya mikungu.

Tulipita Kemondo. Mlima ukaanza. Mume wangu alishika usukani kwa mikono miwili, na jicho moja likawa kwenye geji. Sindano ililala katikati, haikutikisika. Tulipofika karibu nusu ya mlima hakuweza kujizuia tena.

"Mama, unaiona hii sindano? Imetulia."

"Naiona kidogo. Kwani ilikuwa na fujo?"

"Hapa hapa ndipo lilipokuwa linachemka. Umesahau lilivyomtesa baba?"

Mama mkwe alisogeza punje moja ya rozari. "Mimi halikunitesa," alisema. "Nikiwa ndani, lilipanda mpaka nyumbani bila kukohoa."

Mume wangu akasema labda mama amesahau, ni siku nyingi. Mama akasema macho ndiyo yaliyougua, si kichwa. Gari lilichemka mzee akiwa peke yake, au akiwa na kijana wa kumtuma maji. Kisha akanyoosha kidole mbele, kwa mtu asiyeona vizuri alikinyoosha bila kubahatisha, kwenye mparachichi mkubwa uliosimama mwanzo wa njia ya kuingilia kibanja cha watu.

"Simama pale, waitu, tafadhali. Nikamsalimie mwenzangu."

Gari likasimama kwa hiari yake, nadhani kwa mara ya kwanza mahali hapo.

Aliyetoka kutupokea alikuwa bibi wa umri wa mama mkwe, mwembamba, kitambaa kichwani, mikono imejaa maganda ya ndizi. Walisalimiana Kihaya, salamu ile ndefu isiyo na haraka, wakashikana mikono na hawakuachiana. Walikuwa wanajuana kwa namna ambayo watu hawajuani barabarani. Kisha bibi akatazama gari.

"Hili bado linaishi?"

"Mwanao huyu amelitia rejeta mpya," mama mkwe alisema. "Halichemki tena."

"Pole yake," alisema bibi.

Nikaanza kuelewa, nikamtazama mume wangu. Yeye bado alikuwa akitabasamu, akisubiri kusifiwa. Bibi akatuambia hatuondoki bila kula, na akamwomba mume wangu azunguke nyuma ya jiko achote maji ya kunawa. Nilimfuata. Nyuma ya jiko kulikuwa na kisima, kimejengewa mawe, mawe yameota kuvu ya kijani, na kamba imechimba mfereji kwenye ukingo kwa miaka mingi ya kuvutwa.

Mume wangu alichota, akarudi na ndoo, akauliza kisima kile kilichimbwa lini. Bibi akasema alikikuta alipoolewa. Kisha akamtazama usoni kwa makini.

"Kumbe wewe ndiwe yule kijana wa chuo," alisema. "Nilikuwa nakuonea huruma ukishuka bondeni na lile dumu. Nilimwambia mzee, mwite mtoto achote hapa nyuma. Akasema mazoezi ni mazuri kwa msomi."

Mama mkwe alicheka mpaka akafuta macho yake yaliyokuwa yanatibiwa. Tukiwa tunakula, na ndizi zile zilikuwa nzuri kweli, yalitoka mengine, nusu Kihaya nusu Kiswahili kwa ajili yetu. Marehemu baba mkwe, mtu wa kanisa na wa kofia, alikuwa akisimama Kemondo na kulegeza mfuniko wa rejeta. Mfuniko ukilegea, maji yanachemka kabla ya wakati, na mlima ulimaliza kazi iliyobaki. Bibi alikuwa mjane kijana. Mama mkwe aliposikia, alikuja kwa miguu msimu mmoja wa kahawa, amejiandaa kumtukana mbele ya majirani. Alimkuta bibi ana homa na jikoni hakuna moto. Akauwasha. Alisema hata leo hakumbuki kama matusi aliyatoa kabla ya chakula au baada ya chakula. Mzee alipofariki, bibi huyu ndiye aliyekaa msibani kuwapikia waombolezaji. Mume wangu alikuwa akimhesabu kama ndugu wa upande wa mama.

Hakumaliza ndizi zake. Alitoka nje. Nilimkuta amesimama mbele ya gari, amefungua boneti, anatazama rejeta yake mpya. Nilikuwa na maneno mazuri sana tayari, maneno ambayo mke hupewa mara moja katika ndoa. Nikayameza nilipomwona usoni.

"Nilikuwa namhurumia," alisema. "Miaka yote hii. Nikimkumbuka, namkumbuka amekaa hapa barabarani, gari limemwangusha, na mimi siwezi kumsaidia."

"Hakuwa amekaa barabarani," nilisema.

"Ndiyo, nimeshaelewa."

Tukasimama pale pamoja. Baadaye akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, mama amewezaje kucheka. Nikamwambia sijui, labda alishalia zamani, sisi tukiwa hatupo. Akafunga boneti taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba alicholala mtu. Hakumtukana baba yake. Alifika Muleba, akapakua mkungu wa mama, akaupeleka mpaka ndani.

Nilidhani atauza gari. Badala yake ikawa kwamba mama mkwe ameshapata usafiri. Simu inapigwa kutoka Muleba, na mume wangu, mtaalamu wa mifumo ya kupoza, anatoka Buhembe kwenda kumchukua mama na kumshusha kwenye mparachichi, anakaa garini na redio yake mpaka wamalize maongezi. Mwanzoni hakuingia ndani. Kisha akawa anaingia kunywa kahawa. Siku hizi anamchotea bibi maji bila kuombwa, na analalamika kwangu kwamba kamba ya kisima inahitaji kubadilishwa pamoja na mfumo mzima wa kuvutia maji.

Msimu uliopita wa senene, wale panzi wa kukaanga, nilisafiri na mume wangu. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, tukiwapeleka bibi wawili kwenye misa ya shukrani, na senene walikuwa wengi mpaka wakawa wanagonga kioo kama mvua ya mawe. Karibu na Kemondo sindano ilianza kupanda. Mume wangu alibadilika rangi, akasimama, akafungua boneti. Feni zilikuwa zinavuta vizuri kabisa, tena vizuri kupita kiasi: uso wote wa rejeta ulikuwa umefunikwa na senene, wamebanana kwenye zile nafasi nyembamba, wengine bado wanarusha miguu.

Akaanza kunieleza kwamba atahitaji wavu maalumu, wa matundu madogo, na kwamba mzungu wa kipara hakuwahi kulizungumzia jambo hili. Hakumaliza. Mama mkwe na mwenzake walikuwa wameshashuka, wameweka rozari mfukoni, wamekunja vitenge, na mmoja amechomoa pini ya nywele. Akawasihi wasiguse, rejeta ya aluminiamu ni laini, itatoboka.

"Wewe kaa garini," mama yake alimwambia.

Walichambua rejeta nzima, tundu kwa tundu, wakitupa mabawa kando ya barabara na kutia senene kwenye bakuli nililokuwa nimebebea vitumbua. Misa ilikuwa imeshaanza tulipofika, nasi tulikaa nyuma kabisa, bakuli likiwa chini ya benchi limefunikwa mtandio wangu, likichakarisha wakati wa mahubiri.